Kanisa Kuu la Ely: Nyumba ni ya Nani?

Hapana shaka wasomaji wengi wamepata kukaa katika mkutano wa kijiji ambapo shauri lililoletwa ni la jengo lililochakaa: shule, kanisa, msikiti, soko au josho la ng'ombe. Mwenyekiti akisha kueleza kwamba paa linavuja au ukuta umepasuka, hapakosi mtu wa kusimama na kuuliza, "Aliyelijenga ni nani? Basi na aje alitengeneze." Watu hucheka, mkutano huvunjika, na mvua ya msimu unaofuata huupanua ufa.

Nataka kulijadili swali la mtu huyo, maana si swali la mzaha. Nitalijadili kwa habari za kanisa kuu la Ely, huko Uingereza. Yamkini mtaniuliza kwa nini niende mbali hivyo. Sababu yangu ni kwamba jengo lile limekuwapo kwa zaidi ya miaka 900. Lilijengwa na watu walioiteka nchi, likaanguka sehemu yake ya katikati, likajengwa tena, likaharibiwa na wenyeji na kuokolewa na wenyeji. Na mengi katika mambo hayo yameandikwa, hata malipo ya mawe. Kwa majengo yetu mengi kumbukumbu za namna hiyo hazikuwekwa, kwa hiyo si vibaya kuazima kioo cha jirani ili tujitazame.

MJI WA MIKUNGA

Ely ni mji mdogo ulioko mashariki ya Uingereza, yapata maili 15 kaskazini ya Cambridge. Wakazi wake ni kama 20,000 tu, lakini huitwa jiji kwa ajili ya kanisa lake. Nchi inayouzunguka ni tambarare kama sinia, wala hakuna mlima wa kuzuia macho. Kwa hiyo mtu ajaye kwa gari la moshi huliona kanisa tangu mbali, limesimama juu ya mwinuko mdogo kama jahazi lililotia nanga. Wenyeji nao huliita Jahazi la Fens, maana Fens ndilo jina la nchi hiyo ya mabondeni.

Zamani Fens haikuwa nchi ya kulima. Ilikuwa kinamasi kikubwa cha matete na maji, na Ely kilikuwa kisiwa ndani yake. Msomaji anayekaa kando ya kinamasi cha Yala ataielewa picha hiyo kuliko wengi. Watu waliishi kwa kuwinda ndege wa majini, kukata matete, na kuvua mikunga, yaani wale samaki warefu wafananao na nyoka. Mtawa Bede, aliyemaliza kuandika historia ya Waingereza katika mwaka wa 731, alisema kwamba jina la Ely lenyewe latokana na wingi wa mikunga. Samaki hao walikuwa kama fedha, hata watu walilipia kodi za ardhi kwa mikunga.

Katika mwaka wa 673 malkia mmoja, jina lake Etheldreda, aliyekuwa ameuacha ufalme wa mumewe, alianzisha nyumba ya watawa kisiwani. Wadenmark waliiharibu katika mwaka wa 870, nayo ikaanzishwa tena katika mwaka wa 970 kwa watawa wa kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Majengo ya siku zile hayapo tena. Kanisa tunaloliona leo lilianza baada ya vita.

MAWE YA MSHINDI

Katika mwaka wa 1066 William, mtawala wa Normandy katika Ufaransa, alivuka bahari akaishinda Uingereza. Ardhi wakagawiwa wakubwa wake, Wanormani wakawekwa kuwa maaskofu na wakuu wa watawa, na lugha ya wakubwa ikawa Kifaransa. Waingereza waliokataa kutawaliwa walikimbilia kisiwa cha Ely, na aliyesifiwa zaidi miongoni mwao ni Hereward. Kinamasi kilikuwa boma lao. Ilimpasa mfalme kutengeneza njia ya kupitishia askari wake juu ya matope, na katika mwaka wa 1071 kisiwa kikatekwa.

Miaka 12 baadaye, yaani mwaka wa 1083, Simeon, mkuu mpya wa watawa, naye Mnormani, alianza kujenga kanisa kubwa la mawe. Yasemekana alikuwa mzee wa karibu miaka 90, na kwa hiyo alijua vema kwamba hataliona limekwisha. Kuta zilikuwa nene, nguzo zilikuwa kubwa, na matao yalipangwa moja juu ya jingine mpaka juu darini. Ni vigumu kuamini kwamba kanisa la ukubwa ule, katika kisiwa kile kilichoasi, lilikuwa nyumba ya sala na hapana zaidi. Lilikuwa pia tangazo. Mvuvi aliyeinua macho kutoka mtumbwini mwake alipaswa kuelewa ni nani aliyeshinda.

Fens haina mawe mazuri ya kujengea. Mawe yalitoka katika machimbo ya Barnack, yaliyokuwa mali ya watawa wa Peterborough, na bei yake ilikuwa mikunga 8,000 kila mwaka. Mimi ni karani wa chama cha ushirika, na hesabu kama hiyo hainipiti hivi hivi. Mikunga 8,000 kwa mwaka ni zaidi ya mikunga 21 kwa siku, pasipo kupumzika hata Jumapili. Ni nani aliyeingia majini wakati wa baridi kuitega? Hakuwa Simeon, wala hakuwa mfalme. Walikuwa watu wa kinamasi, wale wale walioshindwa, na majina yao hayakuchongwa katika mawe waliyoyalipia.

Katika mwaka wa 1109 askofu wa kwanza alikalishwa katika kiti chake, ndipo kanisa la watawa likawa kanisa kuu. Kazi ya kujenga iliendelea kizazi baada ya kizazi. Upande wa mashariki ulipokwisha kurefushwa, katika mwaka wa 1252, Mfalme Henry III mwenyewe alihudhuria sherehe ya kuliweka wakfu. Leo urefu wake wapita futi 500, na mnara wake wa magharibi una futi 215.

Basi mtu akiuliza ni nani aliyelijenga kanisa la Ely, majibu ni mawili, na yote mawili ni kweli. Aliyetoa amri ni Mnormani. Aliyelipa ni mvuvi.

USIKU WA FEBRUARI 1322

Wanormani walijenga mnara mwingine katikati ya kanisa, juu ya nguzo nne kubwa. Kwa macho zilikuwa kama majabali, walakini chini hazikuwa na msingi wa kutosha kwa mzigo ule. Usiku mmoja wa Februari 1322, watawa walipokuwa wametoka tu katika sala ya usiku, mnara ule ulianguka. Kishindo chake kilikuwa kikubwa hata watu wakadhani ni tetemeko la nchi. Kwa bahati njema hapana mtu aliyeumia, lakini moyo wa kanisa ulikuwa umegeuka lundo la mawe lililo wazi chini ya mbingu.

Aliyepaswa kulitunza jengo wakati huo alikuwa mtawa Alan wa Walsingham, aliyekuwa pia fundi hodari wa kazi za dhahabu. Alikuwa ameshika kazi hiyo kwa miezi michache tu. Mwandishi wa habari za watawa asema kwamba Alan alihuzunika mno, asijue la kufanya wala pa kugeukia. Kisha akaanza kazi. Kwanza aliamuru kifusi kiondolewe. Baada ya hayo akapima mahali pa nguzo mpya, akachimba mpaka akaifikia ardhi ngumu, akaishindilia kwa mawe na mchanga.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo, maana hapa ndipo ilipo akili ya mtu huyo. Njia rahisi ilikuwa kurudisha nguzo nne na mnara wa mawe kama ulivyokuwa zamani, na kusadiki kwamba safari hii utasimama. Alan hakufanya hivyo. Aliona kwamba mzigo uliozishinda nguzo nne ugawanywe kwa nguzo nane. Akaziacha kabisa zile pembe nne za zamani, akapanua mahali pale pakawa na pembe nane na upana wa futi 74. Upana huo haukuwezekana kuezekwa kwa mawe. Ndipo alipoitwa William Hurley, seremala wa mfalme, akajenga kwa miti juu ya pembe nane za mawe kitu ambacho hakikuwa kimepata kuonekana: taa kubwa ya mbao na vioo, iliyoinuka juu kabisa kuleta mwanga katikati ya kanisa.

Nguzo za taa hiyo ni mialoni minane, kila mmoja urefu wa futi 63. Mwaloni mnyofu wa urefu huo haupatikani kila msitu, na miti ilitafutwa mpaka Chicksands, katika wilaya ya Bedfordshire. Hata leo hatuna budi kustaajabu jinsi walivyoisafirisha na kuisimamisha pasipo mashine. Miti, vioo na mabamba ya risasi yaliyofunika yote hukadiriwa kuwa na uzito wa tani 400. Lakini mtu aliye chini haoni kinachobeba, kwa kuwa boriti zenye nguvu zimefichwa nyuma ya dari, na taa yote huonekana kama nyota inayoelea. Kazi ya mawe ilikwisha mwaka wa 1328, na ya miti mwaka wa 1342. Miaka 20 tangu usiku ule wa kishindo.

Wakati huo huo mtawa mwingine, John wa Wisbech, alikuwa akisimamia kanisa dogo la Bikira Maria, kando ya lile kubwa. Lilikwisha mwaka wa 1349, na mwaka huo huo tauni iliyoenea Ulaya yote ikamchukua John.

NILIYOAMBIWA DARINI

Nilipata kuliona kanisa hilo mwaka wa 2014, nilipokuwa Cambridge kwa masomo ya miezi 3 ya hesabu za vyama vya ushirika. Nililipa kiingilio mlangoni kama wageni wote, nikaongeza kidogo ili nipande darini. Aliyetuongoza alikuwa mzee mmoja, mkulima aliyeacha shamba kwa wanawe, ambaye sasa alikuwa akijitolea kuonyesha wageni njia.

Tulipanda ngazi nyembamba za mawe mpaka tukatokea katikati ya miti ya Hurley. Niliuwekea mkono mwaloni mmoja. Ulikuwa mgumu na baridi kama chuma, na ulikuwa umesimama pale tangu kabla Wareno hawajaiona Mombasa. Mzee akafungua mlango mmoja wa mbao uliochorwa malaika, akatuambia tutazame chini. Watu walikuwa wadogo kama siafu juu ya sakafu.

Nilimwuliza swali lililokuwa likinisumbua tangu asubuhi: je, watu wa Ely bado wanakumbuka kwamba kanisa hili lilianzishwa na watu walioiteka nchi yao? Alifikiri kidogo, akajibu, "Tulifundishwa shuleni, bwana. Lakini babu yangu alikuwa fundi wa risasi, na alifanya kazi katika paa hili. Nikilitazama simwoni William. Namwona babu."

Sijasahau jibu hilo. Hata hivyo sikulikubali lote papo hapo, kwa sababu mzee yule alikuwa na miaka 900 ya kumpoza, na sisi wengine hatuna hata 100.

VICHWA VILIVYOKATWA

Msomaji asidhani kwamba Waingereza walikuwa watunzaji wema siku zote. Katika mwaka wa 1539, kwa amri ya Mfalme Henry VIII, nyumba ya watawa ilivunjwa. Mwaka wa 1541 askofu wa Ely, Thomas Goodrich, aliamuru sanamu na makaburi ya watakatifu yaharibiwe. Katika lile kanisa dogo la Bikira Maria kuta zote zilikuwa zimezungukwa na sanamu ndogo za mawe, zimechongwa kwa ustadi. Zilikatwa vichwa, moja baada ya moja. Nilizitazama: mikono ipo, mikunjo ya nguo ipo, vichwa hakuna. Wala hazikubandikwa vichwa vipya. Zimeachwa hivyo, na kila apitaye huona Waingereza walivyoyatenda kwa mikono yao wenyewe.

Baadaye Oliver Cromwell, aliyekuja kuwa mtawala wa Uingereza baada ya mfalme kuuawa, alihamia Ely katika mwaka wa 1636. Nyumba aliyokaa ipo hata sasa, karibu na kanisa. Mwezi wa Januari 1644 aliingia kanisani akakomesha ibada ya waimbaji, na kwa muda wa karibu miaka 17 kanisa kuu halikutumika kama desturi yake.

Halafu ukaja ule uharibifu usio na kelele, nao ndio tunaoujua zaidi sisi: kupuuza. Katika mwaka wa 1699 pembe moja ya upande wa kaskazini ilianguka, ikajengwa tena. Katika miaka ya 1720 mwandishi Daniel Defoe alilitazama kanisa akaona kama linatikiswa na kila upepo, akatabiri kwamba litaanguka. Halikuanguka, kwa sababu mtu alishughulika. Kuanzia mwaka wa 1757 James Essex alizitengeneza boriti za pembe nane, zilizokuwa zimeanza kuoza. Katika mwaka wa 1847 George Gilbert Scott alianza matengenezo makubwa, na taa ya Alan ikarudishiwa sura yake. Tena kutoka mwaka wa 1986 mpaka 2000 mafundi walikuwa juu ya majukwaa wakitengeneza mawe na paa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Ely wameziba ufa, wamejenga ukuta, kisha wakaziba tena.

ARDHI YENYEWE HUTUNZWA

Kwa wasomaji walio wakulima kuna jambo jingine linalofaa kutajwa. Kile kinamasi kilichomficha Hereward hakipo tena. Katika karne ya 17 wakubwa wenye mitaji walimleta Cornelius Vermuyden, Mholanzi mjuzi wa mifereji, naye akachimbisha mto mpya ulionyooka kwa urefu wa maili 21, uliokwisha mwaka wa 1637, na wa pili kando yake mwaka wa 1651. Wavuvi na wakata matete waliona kwamba riziki yao inakaushwa pamoja na maji, wakavunja kingo za mifereji usiku. Walishindwa. Wafungwa wa vita wa Kiskoti walitumiwa kuchimba. Kwa hiyo hata lile shamba zuri la viazi na ngano analoliona mgeni leo lina jasho la watu wasioulizwa.

Tena ardhi ile haikukaa kimya. Udongo wake mweusi ni matete na majani yaliyooza majini kwa maelfu ya miaka. Ukikaushwa, hupungua na kupeperushwa na upepo. Mahali paitwapo Holme Fen palisimikwa nguzo ya chuma yapata mwaka wa 1851, kichwa chake kikiwa sawasawa na ardhi. Sasa nguzo hiyo imesimama wazi kwa yapata futi 13, maana nchi imeshuka. Mashamba yako chini kuliko mito, na maji hupandishwa kwa pampu. Pampu zikiachwa, kinamasi kitarudi. Yaani shamba nalo ni kama paa la kanisa: halimalizwi kutengenezwa.

Jembe la trekta katika Fens mara nyingi hugonga mialoni iliyozama zamani sana. Mwaka wa 2012 ulipatikana mmoja mkubwa ajabu katika shamba moja la Norfolk, uliokuwa umezikwa kwa yapata miaka 5,000. Mafundi waliukausha na kuupasua, wakatengeneza meza ya urefu wa zaidi ya futi 40, na katika mwaka wa 2022 meza hiyo iliwekwa ndani ya kanisa kuu la Ely. Niliposoma habari hiyo nilifurahi, kwa kuwa ilinionyesha kwamba kazi iliyoanza 1083 bado inaongezewa.

KANISA LETU

Sasa nirudi nyumbani, maana huko ndiko nilikotaka kufika. Katika kilima chetu kuna kanisa la mawe lililojengwa katika miaka ya 1920. Babu yangu alikuwa miongoni mwa waliobeba mawe kutoka mtoni, mwendo wa maili 2 za kupanda. Hawakuuzwa shauri. Amri ilitoka, na aliyekosa kufika siku yake alitozwa mbuzi. Wanawake walibeba mchanga. Wazee wameyasimulia hayo tangu nikiwa mtoto, na sina sababu ya kuyafunika.

Katika mvua za masika za mwaka juzi ukuta wa kaskazini ulianguka. Tangu siku hiyo tumefanya mikutano mitano, nami ndiye mwandishi wa kamati, kwa hiyo maneno yote yamepita katika kalamu yangu. Mashauri ni matatu. Wengine wasema tuwaandikie wageni waliolianzisha, walete fedha. Vijana wengi wasema tulibomoe lote, tujenge ukumbi wa mabati ambao ni rahisi. Wengine wasema tulitengeneze wenyewe.

Neno zito kuliko yote lilisemwa na mzee mmoja ambaye baba yake alipigwa viboko kule machimboni. Alisimama kwa fimbo yake akasema, "Mnaniambia nitoe fedha zangu nisimamishe tena ukuta aliopigiwa baba yangu?" Hapana aliyecheka. Nami sikuwa na jibu la haraka, wala sidhani kwamba mtu mwenye adabu angekuwa nalo.

Kisha mama mmoja mkongwe, asiyezoea kusema mikutanoni, akanigeukia mimi. "Mwanangu," akasema, "andika hivi katika kitabu chako. Mchanga wa ukuta ule mama yangu aliubeba kichwani, na mimi nilikuwa mgongoni mwake. Kama ukuta si wangu, niambieni ni wa nani."

Maneno hayo mawili yamenikaa moyoni pamoja na yale ya mzee wa Ely, na baada ya kuyapima kwa muda mrefu hili ndilo wazo langu. Mzee wetu ana haki kukataa kurudishiwa ukuta ule ule kwa maana ile ile. Lakini kutengeneza si lazima kuwe kurudisha. Alan wa Walsingham hakuurudisha mnara wa Wanormani. Alichimba mpaka ardhi ngumu, akatumia mawe yaliyofaa, akajenga kitu ambacho mshindi hakukifikiri. Na leo watu wapandao darini huenda kuitazama kazi yake. Mahali palipoanguka ndipo palipoleta mwanga.

Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo kwa kadiri yetu. Waashi wa kijiji chetu wapo, tena ni hodari. Msingi wa ukuta ule ulikuwa duni, basi uchimbwe upya. Madirisha yalikuwa membamba kama ya ngome, basi yapanuliwe, watu waone bonde na mashamba yao wakati wa kusali. Fedha zitolewe kwa awamu, kila nyumba kwa uwezo wake, na kazi isiyokwisha mwaka huu iendelee mwaka ujao. Simeon alianza akiwa na miaka karibu 90. Haya ya kusema "hatutamaliza sisi" hayatuhusu. Kuhusu wale wageni, wakitaka kuchanga, mchango wao upokewe kama wa jirani. Lakini anayengojewa mpaka lini atengeneze nyumba, huyo ndiye tunayemfanya kuwa mwenye nyumba. Ukumbi wa mabati nao si kitu kibaya, ila tukibomoa yale mawe, tutakuwa tumeitupa kazi ya wazee wetu mara ya pili: mara ya kwanza ilichukuliwa bila malipo, na mara hii itachukuliwa bila kumbukumbu.

Kwa ajili hiyo nimeiomba kamati jambo moja, lolote litakaloamuliwa juu ya ukuta. Nimeacha kurasa 12 tupu mwishoni mwa kitabu cha mikutano, ziandikwe majina ya watu wote waliobeba mawe na mchanga, pamoja na jina la aliyepigwa viboko na ya waliotozwa mbuzi. Majina ya wavuvi waliolipia mawe ya Ely hayatapatikana tena. Ya kwetu bado yanapatikana, kwa kuwa wako watoto wao wanaoyajua. Ila watoto hao sasa ni wazee wa miaka 80 na 90, na kila masika tunawazika wawili au watatu. Kufikia leo nimeandika majina 43.